Uzoefu wangu: siku tatu za kupiga picha Glencoe wakati wa theluji

Nimeishi Glasgow kwa miaka minne, na kila Januari nimekuwa nikijiahidi kwamba nitakwenda kupiga picha milima ya Highlands, kaskazini mwa Uskoti, ikiwa imefunikwa na theluji, kisha baridi inanishinda nabaki ndani na chai yangu ya tangawizi. Safari hii nililipa kabisa ili nisipate pa kukimbilia: pauni 540 kwa siku tatu, bei iliyojumuisha gari kutoka kijiji cha Glencoe kilichoko huko, mwongozaji ambaye ni mpiga picha na pia amesomea kuongoza watu milimani wakati wa baridi, pamoja na kuazimwa buti, shoka la barafu na yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti. Malazi, chakula na nauli ya basi kutoka Glasgow vilikuwa juu yangu. Kampuni yenyewe siitaji, kwa kuwa malalamiko yangu nimekwisha kuyafikisha kwao.

Nikiri kwanza dharau niliyokwenda nayo. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, nimekua nikifungua dirisha asubuhi na kukiona kilele cha Kibo chenye mita 5,895. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba Buachaille Etive Mòr, mlima unaopigwa picha kuliko karibu mingine yote ya Uskoti, una mita 1,021, na kwamba hata Ben Nevis unaoshinda yote ya Uingereza unaishia mita 1,345, nilicheka kimoyomoyo. Loch Bà, ziwa tulilopita siku ya kwanza, iko chini kuliko mji wa Moshi. Nilichosahau ni kwamba theluji ya kwetu mtu huifuata kwa siku kadhaa akiwa na wapagazi, wakati ya kule inakungoja mlangoni mwa gari, ikiwa na upepo unaokusukuma kama mtu mwenye haraka kwenye foleni ya daladala.

Siku ya kwanza tuliamshwa saa kumi na moja na nusu, ingawa jua la katikati ya Januari halichomozi mpaka karibu saa tatu kasorobo na linazama baada ya saa kumi jioni. Tulikwenda Rannoch Moor, nyika ya mboji na vidimbwi inayovukwa na barabara ya A82, na tukasimama kando ya Lochan na h-Achlaise. Neno loch kwa Kigaeli ni ziwa, lakini pia ni mkono wa bahari ulioingia katikati ya milima, na lochan ni kiziwa. Tofauti hiyo ina maana kwa mpiga picha. Loch Ness, yenye kina cha mita 230 hivi, haigandi kwa sababu wingi wa maji yake hutunza joto la kiangazi, ilhali kiziwa chenye kina kifupi kama kile kinashika barafu kwa siku chache za baridi kali. Tulikikuta kimeganda nusu, mawe yake yamevaa kofia za theluji, na karibu na miguu yangu barafu ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, ina mapovu meupe yaliyonaswa ndani yake.

Hapo ndipo nilipoona nimelipia nini. Kabla ya mwanga kufika, mwongozaji alikuwa ameshatuonyesha kila mmoja mahali pa kusimamisha stendi ya kamera yake, akatuambia kwamba vilele vya Black Mount ng'ambo ya maji ndivyo vitakavyowaka kwanza, na kwamba rangi ile ya waridi haitadumu. Ilidumu dakika saba kwa saa yangu. Alitufundisha pia jambo ambalo nilikuwa nimelisoma bila kulielewa: kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani, kwa hiyo theluji huifanya ya kijivu kama majivu ya jikoni, na dawa yake ni kuongeza mwangaza kwa hatua moja hadi moja na nusu, kisha kutazama grafu ya mwanga badala ya picha kwenye kioo cha kamera, maana kioo gizani hung'aa na kukudanganya. Nilipouliza kwa nini visiwa vya Loch Bà vina miti wakati nyika yote iliyovizunguka ni tupu, alijibu kwamba kulungu na kondoo hawafiki kule kuitafuna ingali michanga. Tangu hapo siwezi kuitazama picha ya Rannoch Moor bila kuwaona kulungu ambao hawamo.

Kasoro kubwa ilijitokeza mchana wa siku hiyohiyo. Tangazo lilisema wageni hawatazidi sita, nasi tulikuwa wanane. Kwenye kiziwa hilo halikusumbua, lakini kwenye maporomoko madogo ya mto Coupall, yaliyo mbele ya Buachaille, ukingo wa mawe unaofaa kusimama ni mwembamba na umejaa barafu. Tulipanga stendi nane kiwiko kwa kiwiko kama wanunuzi wa samaki sokoni, mguu wa stendi ya mwenzangu ukiwa katikati ya miguu ya stendi yangu, na nina hakika tulirudi na picha moja iliyopigwa mara nane. Mama mmoja wa makamo, mgeni kama mimi, aliteleza na kugonga goti. Hakuumia, lakini pasingekuwa na msongamano ule asingelazimika kurudi nyuma bila kutazama.

Siku ya pili ilikuwa ya kupanda mlima, na hatukupanda. Kwa kuwa picha ya tangazo ilionyesha watu wakiwa juu kabisa, wengi wetu tulinuna. Mwongozaji hakubishana, alitusomea taarifa ya siku hiyo ya huduma ya Uskoti inayotoa tahadhari za maporomoko ya theluji, ambayo kila mtu anaweza kuisoma bure, na ambayo hupima hatari kwa ngazi tano. Upepo wa kusini magharibi ulikuwa umevuma usiku kucha, ukikwangua theluji upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili, yaani kwenye miteremko inayotazama kaskazini na mashariki, ambako ndiko ilikokuwa njia yetu ya Coire na Tulaich, bonde la ubavuni mwa Buachaille. Katika njia hiyohiyo, Januari 2009, wapandaji watatu walifunikwa wakafa.

Kisha akatupeleka kwenye mteremko mfupi kando ya barabara, akakata kwa koleo kipande cha theluji chenye umbo la mkate wa boflo, akakigonga juu kwa kiganja. Mara ya tatu tabaka la juu liliteleza likiwa zima, kama sahani juu ya meza iliyolowa. Hakuna aliyenuna tena.

Badala ya mlima tulishinda bonde la Glen Etive tukiwapiga picha kulungu wakubwa wekundu kwa lenzi ndefu, na baadaye tukaenda Loch Achtriochtan. Huko nilijifunza kwa nini picha zangu za zamani za Glencoe zilikuwa za buluu na zimepooza: adhuhuri ya Januari jua hupanda nyuzi 12 hivi tu, na ile migongo mitatu wanayoiita Three Sisters imesimama upande wa kusini ikiliziba, kwa hiyo bonde hushinda kivulini huku vilele vya kaskazini vikiwaka. Katika hali hiyo mtu achague kimoja, kivuli au mwanga.

Kuhusu vifaa vya kuazima, mashoka yalikuwa mazuri, buti hazikufaa. Nilitaja saizi yangu wiki tatu kabla, nikaletewa zilizozidi kwa saizi moja, nikajazia soksi za pili, na kufikia jioni ya kwanza kisigino kilikuwa kimechubuka. Kosa jingine lilikuwa langu mwenyewe. Niliingia na kamera nyumba ya wageni nikaiweka mezani karibu na moto, na mvuke ukatanda kama umande juu ya lenzi na hata nyuma yake, nikakosa mbalamwezi iliyotoka saa moja baadaye. Kesho yake niliifunga ndani ya mfuko wa plastiki ningali nje, nikaiacha ipate joto taratibu. Betri nazo zichukuliwe tatu na zikae mfuko wa ndani, karibu na kifua. Moja yangu ilionyesha imekwisha, nikaikumbatia nusu saa, ikapiga picha nyingine kama 90.

Siku ya tatu ilinyesha mvua tupu, tukaimalizia kando ya Loch Leven, mkono wa bahari, tukipiga picha za mawe yaliyofunikwa na mwani na ukungu uliokata milima kiunoni. Sina la kusimulia zaidi, ila picha moja ya huko ndiyo mke wangu aliyoichagua kuitundika sebuleni, akaziacha zote za alfajiri.

Kampuni ilichukua siku kumi na mbili kujibu barua yangu. Walikiri kuhusu idadi ya wageni, hawakurudisha pesa, wakanipa punguzo la asilimia 15 kwa safari ijayo. Nimelitumia kuweka nafasi ya Februari, baada ya kuwaandikisha kwamba tutakuwa sita, na buti nimenunua zangu.