Mfuko wa bustani wa elfu 35: miezi saba barazani kwangu

Nimepanga Tabata, vyumba viwili na kibaraza, ardhi sina hata ya kufukia kokwa ya embe. Mwezi wa tatu nikanunua kwenye kibanda cha miche kando ya barabara ule mfuko mweusi wa turubai wenye matundu ya kupandia ubavuni. Shilingi 35,000. Muuzaji akaniapia nitasahau njia ya gengeni. Sijaisahau, nyanya na vitunguu bado vinanipeleka, ila mboga ya majani kweli nimepunguza kununua.

Sifa yake kubwa ni turubai lenyewe. Limepigwa na masika yote, likapigwa na jua, na halina hata uzi uliochomoka. Jirani yangu wa uani alinicheka, akapanda kwenye kiroba cha sukari cha 1,000. Kufika mwezi wa nane kiroba kinakatikia mkononi, udongo umemwagika uani, na mwenye nyumba kanuna.

Tatizo ni bomba la katikati la kumwagilia. Jembamba kama kidole gumba, na vitundu vyake nilivihesabu: sita. Namwaga ndoo nzima, juu panakuwa tope, chini nikichomeka kidole nakuta vumbi. Miche mitano ya sukuma wiki ya mstari wa chini ikanifia. Nikamrudia muuzaji, akasema, “Dada, mwagilia taratibu.” Haya.

Jumamosi moja nikaumwaga udongo wote nikaanza upya. Nilichukua kopo kubwa la maziwa, nikalitoa kitako, nikalisimamisha katikati na kulijaza kokoto. Udongo na samadi nikavishindilia pembeni, kisha nikalivuta kopo juu, nikajaza tena, hivyo hivyo mpaka mdomoni. Ndani inabaki nguzo ya kokoto. Sasa hata maji niliyooshea mchele yanafika chini.

Sukuma nachuma majani ya chini, kichwa sikigusi. Mchicha wa juu niliung'oa wiki ya nne. Lakini wanaotulisha hasa ni matembele, na hayo mbegu sikununua: fungu la 500 la sokoni, majani tukala, mashina nikayachomeka kwenye matundu yaliyobaki wazi. Yakashuka mpaka sakafuni.

Yalipotuzidi, mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kongwa. Mgogo huyo, mlenda mkavu kwake ni chakula cha mwaka mzima. Akaniuliza, “Mwanangu, mnampa jirani mboga mbichi halafu kiangazi mnanunua kwa nani?” Akanionyesha: majani yanatoswa kwenye maji yanayochemka, dakika mbili tu, yanachujwa, yanaanikwa kwenye ungo kivulini. Mimi nimeongeza kipande cha chandarua kwa ajili ya nzi. Siku ya tatu ukiyafinya yanavunjika kama tumbaku. Ungo mzima unaingia kopo moja la kahawa, kwa hiyo usishangae ukidhani umeibiwa. Wiki iliyopita nimeyaroweka nikayaunga kwa karanga za kutwanga. Watoto hawakuuliza kitu, na hao kwa kuuliza ni hatari.

Mfuko wa pili nitanunua, nimeshaupimia nafasi karibu na mlango wa jiko. Ila bomba lake abaki nalo, anipunguzie elfu tano.