Ekzosi za Mustang GT kwa Dar: ATAK, S-Type au Touring za Borla, au ya kuchomelea mtaani?

Wengi huchagua ekzosi kwa kusikiliza video kwenye simu. Spika ya simu haitoi masafa ya chini, kwa hiyo kinachosikika ni ukali wa mlio tu. Ule mvumo unaotikisa kioo cha nyuma gari likitembea mwendo mmoja kuelekea Bunju hausikiki kabisa, na huo ndio unaowafanya watu wauze seti nzuri kwa bei ya kutupa. Hapa tunazungumzia Mustang GT ya 2015 hadi 2023, V8 ya lita 5.0, usukani wa kulia.

Kabla ya jina la kampuni, hakikisha mambo manne. Mwaka: GT ya 2015 hadi 2017 ina midomo miwili nyuma, ya 2018 kuendelea ina minne, na bampa zake za chini haziingiliani. Ukifunga seti ya midomo miwili kwenye bampa ya minne utabaki na matundu yanayokukodolea macho. Bodi: ile ya kukunja paa ina vyuma vya ziada chini ya sakafu, na baadhi ya mabomba ya X na H (yale yanayounganisha pande mbili za ekzosi) ya gari lenye paa gumu hugonga hapo. Valvu: GT za 2018 na kuendelea zenye ekzosi ya kubadilisha sauti zina mota mbili za umeme, hivyo nunua toleo linalozipokea mota hizo, la sivyo kitufe cha kubadili sauti kitabaki pambo. Injini: seti ya EcoBoost, Mustang ya silinda nne ya lita 2.3, ni bomba moja linalogawanyika nyuma, ya V8 ni mabomba mawili tangu mbele. Muuzaji akikuambia "Mustang ni Mustang", aga uende.

Usukani wa kulia hausumbui nyuma ya masega, yaani vichujio vya kusafisha moshi. Unasumbua ukibadilisha manifoldi, bomba la kwanza linalotoka kwenye injini, kwa hedazi. Hedazi ndefu zilizotengenezwa kwa Mustang za Marekani hukutana na shafti ya usukani upande wa kulia, na hakuna namna salama ya kulisukuma bomba la moto pembeni ya shafti hiyo. Kama lazima ufunge hedazi, agiza zilizoandikwa wazi kuwa ni za usukani wa kulia.

Kwa matumizi ya Dar tungeishia kwenye seti ya kuanzia nyuma ya masega, ile ambayo boksi lake huandikwa cat-back. Sensa za oksijeni zote zinabaki mbele yake, kwa hiyo kompyuta haihitaji kuguswa. Ukiondoa masega, gari litawasha taa ya injini na kuandika P0420 na P0430 (namba za hitilafu ya masega), mafuta yatanuka hadi ndani, na nguvu za farasi zitakazoongezeka ni chache. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Fundi anayekuhimiza uyatoe, muulize kwanza yakishatoka yanabaki na nani.

Tukija kwenye bidhaa zenyewe, Borla huuza ngazi tatu kwa gari hili. ATAK ndiyo kali. Ukiwasha injini baridi alfajiri kwenye maegesho ya ghorofa Upanga, mlango wa jirani utafunguka. Ni ya mtu mwenye uwanja wake au anayelipeleka gari kwenye mashindano. Touring ni ya upole mno kwa aliyelipa pesa hiyo, ila mwenye watoto wadogo nyuma ataishukuru. S-Type inakaa katikati: ukikanyaga unajua ni V8, ukiachia mnazungumza bila kupaza sauti. Tunaipa S-Type nafasi ya kwanza. Zote ni stenlesi ya daraja la 304 inayostahimili kutu, nayo kwa gari linalolala Masaki au Kigamboni, karibu na chumvi, ina maana kuliko mlio. Dhamana yao ya maili milioni inasifiwa sana, lakini hesabu gharama ya kurudisha bomba Marekani kabla hujaiweka kwenye uamuzi.

MagnaFlow nayo ni ya kupita moja kwa moja: bomba lenye matundu lililozungushiwa nyuzi za kumeza sauti. Ni mshindani halali, na kama umeipata nafuu usione shaka. Flowmaster za vyumba hazina nyuzi za kuungua, mlio wake ni ule wa zamani, mzito wa kukatakata, lakini mvumo ni mwingi zaidi. Ukizipenda, angalia chuma. Zipo za chuma kilichopakwa aluminiamu, ambacho huanza kuliwa kwenye maungio kwa sababu moto wa kuchomelea umeshaondoa lile tabaka la kinga, na zipo za stenlesi 409, ambayo hupata kutu ya juu juu. Kwa pwani, hapana.

Nguvu? Seti ya nyuma pekee inaleta takriban farasi 5 hadi 15. Kwenye gari lenye zaidi ya 400, hutawasikia Barabara ya Ali Hassan Mwinyi.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi ni gharama ya kusafirisha. Mizigo ya ndege hupimwa kwa ukubwa pia: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Boksi la 180 kwa 50 kwa 40 ni kilo 60 za kulipia hata kama ndani kuna kilo 30. Meli ni bora, uvumilivu ukiwepo.

Je, ya kuchomelea hapa hapa? Inawezekana, na ikifanywa vizuri inazipita seti nyingi za bei ya kati. Tatizo ni malighafi. Bomba la stenlesi linalouzwa kwa ajili ya mageti na reli za ngazi mara nyingi ni 201, tena jembamba. Sumaku haitakusaidia kulitofautisha na 304, maana zote mbili kwa kawaida hazivuti. Sumaku inaumbua 409 tu. Dai 304 yenye maandishi ya kiwanda ubavuni, unene wa milimita 1.5, kipenyo cha inchi 2.5 kila upande. Inchi 3 ziache kwa injini yenye supachaja. Kona zitumike elbo zilizopindwa tayari bila kubonyea, na uchomeleaji uwe wa TIG (wa umeme na gesi ya argoni) kwa waya wa 308L. Pale 304 inapokutana na chuma cha kawaida au 409, waya wa 309L. Chungulia ndani ya kiungo cha kwanza kabla kazi haijaendelea. Ukiona uvimbe mweusi wenye chembechembe, gesi ya argoni haikupitishwa ndani ya bomba, na hapo ndipo litakapopasuka. Terminali hasi ya betri ifunguliwe kabla ya moto wowote kuwashwa chini ya gari.

Fundi wa mtaani ana faida moja kubwa: anaweza kukuulia mvumo. V8 huwaka mara nne kwa kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika unapata mapigo kama 133 kwa sekunde. Sauti ndani ya gesi ya nyuzi 300 hukimbia takriban mita 480 kwa sekunde. Gawanya 480 kwa mara nne ya 133, unapata sentimita 90. Huo ndio urefu wa bomba la pembeni lililozibwa mwisho, linalomeza mvumo, la kuchomelea kila upande, baada ya bomba la X. Urefu upimwe kuanzia mdomo wake hadi kizibo, na liachwe refu kidogo ili likatwe taratibu hadi mvumo ufe. Kama mvumo wako uko kwenye mizunguko 1,800, urefu unafika mita 1. Wenye Dodge Challenger R/T ya lita 5.7 ya otomatiki wana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa injini ikizima silinda nne mapigo hushuka nusu na bomba linahitaji urefu maradufu.

Kwenye kufunga, makosa ni yale yale. Bomba linakazwa moja moja tangu mbele, likifika nyuma midomo imepinda. Ning'iniza kila kitu kikiwa legelege, nyoosha midomo, acha nafasi ya angalau milimita 12 kati ya bomba na bodi, ndipo ukaze kuanzia mbele kurudi nyuma. Mipira ya kuning'inizia itoke kwa maji ya sabuni, si kwa bisibisi. Tumia klampu pana za mkanda. Ile ya U inaliminya bomba na siku ya kulitoa litakatwa kwa grinda. Bolti za klampu zitazame pembeni au juu. Zikitazama chini, tuta la kwanza Sinza litazisaga na hutaweza kuzifungua tena.

Washa gari dakika kumi, liache lipoe kabisa, kaza tena. Rudia baada ya kilomita 100 hivi. Ukisikia tiki-tiki inayopotea injini ikipata moto, usiifurahie: kiungo kinavuja na kinajiziba kwa kutanuka. Uvujaji ukiwa mbele ya sensa, hewa huingia, kompyuta hudhani mafuta ni pungufu na kuyaongeza, halafu lawama zinaenda kwa petroli ya kituo cha jirani.