Springi ameitengeneza, chapa ameifuta

Yuko fundi mmoja wa visu, magharibi ya Pennsylvania, ambaye wakusanyaji wa visu vya zamani hupeana namba yake kwa siri. Jina lake silitaji. Sitaki kumpa tangazo la bure, na pia najijua, nikifika mwisho wa maelezo haya huenda nikawa nimebadili mawazo.

Nilimtumia Case yangu ndogo, kisu cha kukunja cha kampuni ya Case ya Marekani, namba 6220, ile wanayoiita Peanut. Wanaozijua namba za Case wameshaelewa: 6 ni mpini wa mfupa uliotiwa mikwaruzo, 2 ni mabapa mawili, 20 ni umbo lenyewe. Kisu kilikuwa na chapa ya CASE XX tupu, bila neno USA, bila vitone. Hiyo maana yake kilitoka kiwandani Bradford kati ya 1940 na 1964, kwa sababu 1965 waliongeza USA, na 1970 wakaweka vitone kumi ambavyo walikuwa wanapunguza kimoja kila mwaka. Kwa hiyo umri wote wa kisu cha Case umeandikwa kwenye kipande cha chuma kisichofika hata ukubwa wa ukucha, pale bapa linapoingia kwenye mpini. Ukikifuta hicho, umebaki na kisu cha kukatia kamba.

Ugonjwa wake ulikuwa mdogo. Bapa dogo lilikuwa linacheza kushoto na kulia, na springi ilikuwa imechoka, unafungua kisu husikii kitu. Kukirudisha kiwandani sikutaka, niliogopa wasije wakanibadilishia bapa la zamani kwa jipya. Nikaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: kaza ribiti, tazama springi, kingine chochote usiguse. Nikakipiga picha pande zote kabla sijafunga bahasha. Dola 45, na posta juu yangu. Kikakaa kwake mpaka majani yakapukutika hapa Columbus, na hilo nililivumilia, maana fundi mzuri ana foleni.

Kikarudi kinang'aa.

Mtu asiyekusanya visu atasema hongera. Mimi nilikaa chini. Lile bapa lilikuwa na ukijivu wake, rangi ambayo chuma cha kaboni huipata polepole kwa kukata matunda na kushikwa na mikono ya watu kwa miongo kadhaa. Haipatikani dukani. Alikuwa amekipitisha chote kwenye gurudumu la kung'arishia, bapa kubwa, bapa dogo, mpaka kingo za mfupa zikawa za mviringo. Nikachukua kioo cha kukuzia. Kwenye CASE ilibaki C na nusu ya A. Kwenye XX, X moja ilikuwa imekuwa kivuli. Nyuma, kwenye 6220, sifuri imekwenda. Ni sawa na kumpa mtu mlango wa Zanzibar arekebishe bawaba, akakurudishia nakshi zote zimepigwa randa.

Na hasara si ya macho tu. Wapo wahuni ambao husaga chapa ya kisu cha juzi na kugonga nyingine ya zamani ili wauze ghali. Kwa hiyo mkusanyaji yeyote mwenye akili akiona XX iliyofifia kwenye chuma kinachong'aa, kitu cha kwanza anachofikiri ni kwamba mwenye kisu ni tapeli. Yaani kisu changu halali, chenye picha zake, sasa nikikipeleka kwenye meza ya maonyesho nitatazamwa mimi.

Nikampigia. Akapokea mwenyewe.

"Mzee, chapa ya kisu changu iko wapi?"

"Polishi nimekufanyia bure," akasema. "Wenzako nawatoza."

"Sikukuomba polishi. Nilikuandikia."

"Kilikuwa kichafu."

Nikamweleza kwamba ule si uchafu, kitu ambacho yeye alipaswa kunieleza mimi. Akacheka. "Sasa unataka nini? Nikurudishie uchafu wako?" Halafu, kwa sauti ya mtu aliyeanza kuchoka, akaniuliza kama huko Afrika nako watu wanakusanya visu vya Case. Babu yangu Muheza amemenya machungwa maisha yake yote kwa kisu kimoja cha kukunja, na mtu angekigusa kile kisu kwa msasa sijui kama angelala salama. Sikumwambia hilo. Nilimwambia kwaheri, kwa sababu mama yangu alinifundisha kutotukana mtu mwenye mvi, na nilikuwa nimebakiza kidogo sana.

Ndani ya kifurushi alikuwa ameniwekea zawadi: kifuko cha ngozi cha kuhifadhia kisu. Fundi wa visu! Mtu yeyote aliyewahi kuacha kisu ndani ya ngozi kwa muda anajua dawa za kusindikia ngozi zinavyokula chuma na kuifanya shaba iote ukungu wa kijani. Hilo lilinikasirisha karibu sawa na chapa.

Basi, ushauri wangu ni usimpelekee. Ningeishia hapo, lakini nina deni la kusema ukweli wa upande wa pili, na unaniuma.

Bapa halichezi tena. Hata chembe. Nimelishika kwa vidole viwili na kulisukuma, nimelitikisa karibu na sikio, limekaa. Kukaza ribiti kwenye kisu kidogo hivi si mchezo. Ukigonga kidogo kupita kiasi bapa linakwama, ukigonga vibaya unaacha kovu kwenye kile kichwa cha nikeli kwenye ncha ya mpini, au mfupa unapasuka. Yeye hakuacha alama. Hata ukitafuta ribiti iko wapi huioni, na hapo nakiri kwamba kichwa cha nikeli ni lazima kisuguliwe kidogo baada ya kukaza, ndivyo kazi ilivyo. Na springi! Sijui ameifanya nini. Unafungua, bapa linasimama nusu ya njia, unamalizia, linalia ta! Unafunga, ta! Kati ya visu vyangu vyote, hata ile Remington ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ambayo siigusi bila kunawa mikono, hakuna kinachofunguka hivi. Jioni nafungua na kufunga mpaka mke wangu ananiambia niende nje.

Kwa hiyo mkono wake ni wa dhahabu. Labda niseme hivi: kisu cha kazi mpelekee, kile TL-29 cha kampuni ya Camillus cha mafundi umeme wa jeshi kwa mfano, kimeshasagwa na dunia hakina cha kupoteza. Kisu cha kukusanya usimpelekee. Au mpelekee, ila chapa uibandike utepe wa karatasi wenye gundi, tabaka mbili, na juu yake uandike tena usiguse.

Hapana. Nikikumbuka kile kicheko, hapana. Mtu ambaye anaweza kuituliza springi ya miaka sitini namna ile hawezi kusema hakuona chapa. Aliiona. Aliamua kwamba anajua kuliko mimi ninachokitaka, akawasha gurudumu.

Ninayo Queen moja, kisu cha kiwanda cha Titusville, ambayo bapa lake nalo limeanza kucheza, na kiwanda kilifungwa 2018, kwa hiyo hakuna kwa kuirudisha. Imekaa mezani na ule utepe wa karatasi uko pembeni yake. Kile kifuko cha ngozi natilia funguo za gari.