Hedfoni na mikisa kwa kompyuta ya asiyeona: nilizobaki nazo

Matangazo ya hedfoni yamejaa besi. Mimi sioni, kompyuta yangu hunisomea kutwa nzima kwa kisoma skrini cha NVDA, yaani programu inayotamka yaliyo kwenye skrini, na besi nzito hunifunika maneno tu. Ninachotaka ni herufi "f" isifanane na "s" hata sauti ikienda kwa kasi ambayo mgeni akisikia huona ni kelele. Kwa hiyo sauti za kati na za juu ziwe wazi, basi.

Ndiyo sababu ninayoipenda ni Sony MDR-7506, hedfoni ya studio iliyotoka mwaka 1991 na ambayo bado inauzwa. Sauti zake za juu ni kali kidogo. Anayetaka muziki laini ataichoka, anayesikiliza kisoma skrini ataishukuru. Waya huingia sikio la kushoto peke yake, hivyo nikiishika tu nimeshajua upande upi ni upi bila kupapasa. Upungufu ni kwamba waya wenyewe ni wa kujisokota, mzito, na hauchomoki. Ukikatika ni kazi ya fundi. Maikrofoni pia haina.

Jambo la kushoto na kulia si dogo. Tangu toleo la 2024.2, NVDA inaweza kugawa sauti: yenyewe ikaongea sikio moja, programu nyingine zikasikika sikio la pili. Unabonyeza kitufe cha NVDA pamoja na alt na s. Mkutanoni mwenyekiti anaongea kulia, ajenda inasomwa kushoto, na siku hizi siwezi tena kufanya kazi vinginevyo. Zile hedseti za sikio moja wanazopewa wafanyakazi wa simu hukunyima raha hiyo, kwa hiyo sizipendekezi hata zikiwa imara namna gani.

Za Bluetooth? Nje, kwenye simu, sawa. Kwenye kompyuta nazikataa. Kwanza huchelewa: umeshabonyeza mshale mara tatu, kisoma skrini ndiyo kwanza kinataja mstari wa kwanza. Pili, nyingi husinzia kukiwa kimya, zikiamka zinameza mwanzo wa neno. Anayesoma makala atavumilia. Anayekagua nenosiri herufi moja moja hatavumilia, maana herufi nzima ni silabi moja na ndiyo hiyo iliyomezwa. NVDA ina mpangilio wa kukiacha kifaa macho kwa muda baada ya maneno kuisha, na unasaidia. Tatizo la tatu halina dawa nyepesi: ukiwasha maikrofoni ya hedseti yenyewe, kwa kawaida sauti yote hushuka ikawa kama ya simu ya zamani, na kisoma skrini kinashuka nayo.

Kama kazi yako ni mikutano na barua tu, nunua hedseti ya USB ya masikio mawili yenye mkono wa maikrofoni, uishie hapo. Mikisa, yaani kifaa cha kuchanganya na kupima sauti, ni ya anayerekodi au kutangaza.

Na hapo nina sharti moja: kila kitu kishikike. Mikisa ya skrini ya kugusa, au ile ambayo lazima ufungue programu ndipo upunguze sauti, kwangu ni kioo kitupu. Nilishawahi kushika moja ya bei kubwa ambayo vitufe vyake huzunguka bila mwanzo wala mwisho. Ukikigusa hujui sauti iko wapi. Bora kitufe chenye mfuo na kikomo pande zote mbili.

Yamaha AG03 inapita mtihani huo kwa mambo ya kila siku. Ni ndogo, inakula umeme wa USB, ina kitelezi kimoja cha maikrofoni, na ina swichi ninayoisifu kuliko yote, iliyoandikwa TO PC, inayochagua sauti ipi iende kwenye kompyuta. Ina nafasi tatu, na kidole kinakuambia uko nafasi ipi. Mkutanoni naiweka INPUT MIX: wenzangu wanasikia maikrofoni yangu, kisoma skrini kinabaki masikioni mwangu. Nikitaka wasikie wimbo unaopigwa na kompyuta naisogeza LOOPBACK, lakini hapo NVDA nayo ingetoka hewani ikiwasomea wasikilizaji barua zangu. Basi kabla ya kutangaza naingia kwenye mipangilio ya sauti ya NVDA, naihamishia kwenye kadi ya sauti ya kompyuta yenyewe, na kuisikiliza kwa kidude kidogo cha sikioni chini ya hedfoni. Hakipendezi kuvaa, ila kazi inafanyika.

Usitarajie mengi kwa kona nyingine: kupanga undani wa vionjo vya sauti kunataka programu yake ya kompyuta, na mimi huko siendi.

Kitufe cha 48V, kinachopeleka umeme kwenye maikrofoni zinazouhitaji, nimekibandika plasta. Maikrofoni yangu ni ya dainamiki, haihitaji umeme huo, na kidole kikitafuta vitufe vya jirani hupenda kukibonyeza.