Kipaza sauti cha buluu: tathmini ya WhatsApp kama chombo cha urafiki wa mbali

Tathmini nyingi za programu za ujumbe hupima kasi, ukubwa wa faili zinazoweza kutumwa na kiasi cha chaji kinacholiwa. Hii yangu inapima jambo moja tu: iwapo WhatsApp inaweza kubeba urafiki wa watu wawili waliokuwa kama chanda na pete, baada ya mmoja wao kuhamia nchi ambako jua huchomoza saa saba baada ya kuchomoza kwetu. Nimeitumia kwa kazi hiyo kwa miaka sita. Mwanzoni tulizungumza kila siku, baadaye kila wiki, baadaye tukabakiwa na salamu za sikukuu, na sasa, baada ya mengi nitakayoyaeleza, tumerudi karibu na pale tulipoanzia. Jina lake silitaji, naye ameyasoma haya kabla yenu.

Nianze na kinachostahili sifa, nacho ni ujumbe wa sauti, ulioingizwa kwenye programu hii mwaka 2013. Maandishi hunieleza rafiki yangu anasema nini, ilhali sauti yake huniletea na yaliyomzunguka: funguo zinazogongana, pumzi ya mtu anayepanda ngazi, na kile kimya kifupi kinachomtangulia kila anapotaka kusema jambo lililomkaa moyoni. Kwa watu ambao mmoja akiamka mwenzake yuko katikati ya shughuli, sijaona njia nyingine inayoikaribia hii, kwa kuwa simu ya kawaida inawataka wote wawili wawe macho na wawe na nafasi kwa wakati mmoja. Ujumbe wa sauti husubiri. Mtu huusikiliza anapopata utulivu, akarudia sehemu aliyoipenda, akajibu bila kukatizwa.

Dosari yake iliingia mwaka 2021, nami niliipokea kwa furaha: uwezo wa kuusikiliza ujumbe kwa kasi ya mara moja na nusu au mara mbili. Rafiki yangu husema polepole, na jumbe zake za dakika nane zilikuwa zinanimalizia asubuhi, kwa hiyo nikawa namsikiliza kwa kasi ya mara mbili huku nikijiandaa kutoka. Kwa kasi hiyo kila mtu husikika mchangamfu. Vituo hufupika, mikwaruzo ya koo hupotea, na mtu anayeburuta maneno kwa uchovu husikika kama mwenye haraka ya kuwahi harusi. Kwa karibu mwaka mzima niliamini kwamba yuko katika kipindi kizuri cha maisha yake. Nilipokuja kuzisikiliza upya jumbe zile kwa kasi ya kawaida, nilikuta kwamba pale anaposema "tunaendelea vizuri tu" alikuwa amenyamaza sekunde nne nzima kabla ya kulitamka hilo "tu".

Ndoa yake ilikuwa imevunjika, na habari hiyo sikuipata kwake. Nilikuwa nimekaa na rafiki yetu mwingine, akipitisha kidole kwenye stetasi za watu, mara ikatokea picha ya chumba kitupu chenye masanduku mawili na maneno "Mwanzo mpya". Namba ilikuwa yake. Nilifungua simu yangu, na kwangu hakukuwa na kitu. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya mpangilio unaomruhusu mtu kuwaonyesha stetasi yake wawasiliani wote isipokuwa wale anaowachagua. Programu haimjulishi aliyeondolewa, na kwa upande wa faragha hilo ni sahihi kabisa, lakini anayeutumia ajue kwamba hauna nguvu pindi watu wawili wanapokaa kwenye benchi moja. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na stetasi ina kata nyingi.

Haki inanilazimisha nitaje na upande wangu. Tangu mwaka 2022 mtumiaji anaweza kuwaficha watu mahususi saa yake ya mwisho kuonekana mtandaoni, nami nilikuwa nimemweka yeye peke yake kwenye orodha hiyo. Sababu ilikuwa ndogo na ya aibu: jioni yake ni usiku wangu wa manane, nami sikutaka ajue kwamba niko macho nikitazama video badala ya kumjibu. Nilikuwa nimezima pia tiki za buluu, zile alama zinazomwonyesha mtumaji kwamba ujumbe wake umesomwa, kwa gharama inayojulikana kwamba anayezizima haoni za wenzake.

Kilichoniumbua ni jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui. Kuzima tiki za buluu hakuigusi alama ya ujumbe wa sauti: kile kipaza sauti kidogo kilicho kando ya ujumbe hugeuka buluu kwenye simu ya mtumaji mara tu unaposikilizwa, na hakuna mpangilio wa kukizuia. Aliona kwamba nimeusikia ujumbe wake saa nane usiku, kisha akaona siku tatu zikipita kabla sijamwandikia, "Pole, ndiyo kwanza nausikia leo." Alinijibu kwa neno moja, "Sawa." Mwishoni mwa ujumbe ule, katika sehemu niliyoisikia kwa kasi ya mara mbili, nikiwa nusu usingizini, alikuwa amesema kwamba ana jambo angependa kuniambia, nikipata nafasi nimpigie. Picha ya chumba kitupu ilikuja wiki mbili baadaye.

Kuhusu usalama sina malalamiko. Tangu mwaka 2016 mazungumzo yote husimbwa ili yasomwe na wahusika peke yao, ingawa tatizo letu halikuwa wageni. Ujumbe unaotoweka, ulioanza mwaka 2020, niliwahi kuuhukumu vibaya. Siku moja aliuwasha kwenye mazungumzo yetu kwa muda wa siku saba, na programu ikaandika mstari wa kunitaarifu. Niliusoma mstari ule kama mlango unaofungwa taratibu usoni pangu, nikanuna. Baadaye sana alinieleza kwamba nyumbani kwake simu yake ilikuwa ikichukuliwa na kusomwa kila jioni, na kwamba aliyefichwa hakuwa mimi. Kwa hiyo sehemu hiyo naipa alama zote, na naona mstari ule wa taarifa, ulioniudhi, umewekwa kwa busara: ungemwezesha yeyote mwenye akili tulivu kuuliza, "Kuna nini?" Mimi sikuuliza.

Tulipatanishwa na kipaza sauti kilekile. Nilimrekodia dakika sita, nikakiri uongo wa siku tatu na ule wa saa ya kuonekana, nikautuma kabla sijapata muda wa kujisahihisha. Kiligeuka buluu baada ya dakika kumi. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, dakika kumi na nne, nikalisikiliza nimekaa, kwa kasi ya kawaida, pamoja na vituo vyake vyote.

Kwa ujumbe wa sauti naipa WhatsApp nyota tano. Kwa mipangilio ya kufichana naipa tatu: inafanya kazi barabara, ila imewekwa karibu mno na kidole, na humaliza kwa kubofya mara mbili mazungumzo ambayo watu wangepaswa kuyafanya kwa dakika tano. Tiki nimeziwasha tena. Orodha yangu ya wasioona saa yangu ya mwisho sasa ina mtu mwingine mmoja, mwenye nyumba wangu, naye atakaa humo hadi mwisho wa mwezi.