Usinunue Mashine ya Kukata Stika Kabla Hujapima Roli Lako

Mambo vipi wadau, karibuni tena mezani kwangu. Leo nimekasirika kidogo, mtanivumilia. Hii mashine mnayoiona hapa, pale kwenye jina nimebandika kipande cha vinili nyeusi, hii plastiki ya kubandika tunayokatia stika, na nimebandika makusudi. Wenyewe hawajanilipa, mimi sijawaomba, na kwa kuwa nitaisema kwa muda mrefu, jina libaki huko huko chini. Isitoshe, ugonjwa wake si wake peke yake.

Ni ya upana wa inchi 12. Kasi, Bluetooth, kisu kinabana kwa gramu ngapi, hayo nayaruka, yameandikwa kwenye boksi. Inakata? Inakata. Kisu chenye ncha ya pembe ya nyuzi 45, vinili ya kawaida, herufi ndogo zinatoka safi na kupalilia ni rahisi. Kupalilia ndiyo kule kuondoa vinili isiyotakiwa ili herufi zibaki, mimi naita hivyo na wala siachi. Kwenye kukata sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu uko hapa. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona huu mhimili? Juu yake kuna vigurudumu viwili vya mpira, kimoja kushoto, kimoja kulia. Hivi ndivyo vinavyoishika vinili na kuipeleka mbele na nyuma, wakati kisu chenyewe kinakwenda kushoto na kulia tu. Cha kushoto hakisogei kabisa. Cha kulia kinasogea, sikilizeni... *tak*. Hicho ni kituo cha kwanza, cha vipande vya inchi 12, yaani milimita 305. Sasa nakileta ndani... *tak*. Kituo cha pili, upana wa A4, milimita 210. Na katikati hapa? Nasukuma. Hakishiki. Kinateleza tu. Vituo viwili, basi, wamemaliza.

Utasema kwani tatizo nini. Tatizo ni hili roli. Ni vinili ya joto, ile inayobandikwa kwenye fulana kwa joto, na roli la upana huu, milimita 500, utakutana nalo kila mahali kwenye kazi za fulana. Mimi nilinunua mashine kwanza, roli likafuata, nikajiambia 500 gawa kwa mbili ni 250, 250 inaingia kwenye mashine ya 305, nimepata vipande viwili virefu. Hesabu ya darasani hiyo. Haya, tuijaribu.

Kipande cha 250, urefu mita moja. Kigurudumu cha kulia kiko kituo cha nje. Naingiza... mnaona? Cha kushoto kimeshika. Cha kulia kinakanyaga mhimili mtupu, vinili haijakifikia. Mashine haina habari, imeniambia iko tayari! Nimeiagiza ikate mstari mmoja ulionyooka wa nusu mita. Inaanza... angalieni ukingo, angalieni ukingo... inageuka. Inavutwa upande mmoja kama toroli lenye gurudumu moja bovu. Zima, zima. Leteni rula. Mstari ulitakiwa uwe milimita 20 kutoka ukingoni mwanzo mpaka mwisho. Hapa mwanzo 20. Huku mwisho 13. Herufi za jina la timu zingekuwa zinapanda mlima.

Sawa, kituo cha ndani. *Tak*. Sasa vigurudumu vyote viwili vimekanyaga vinili, na upande wa kulia milimita 40 zinaning'inia nje. Nakata tena. Imenyooka, siwezi kukataa. Lakini kisu hakivuki kigurudumu, kwa hiyo hizo 40 ni za kutupa. Roli lina vipande viwili kama hivi: 40 na 40 ni 80. Kwenye kila 500 nimetupa 80, asilimia 16 ya roli, kwa sababu mtu fulani aliona kituo cha tatu ni gharama. Hapo ndipo ninapochemka.

Kabla sijasahau, video za Alhamisi zimehamia Jumamosi, mwenzenu nilikuwa nakesha nikihariri. Na wale mlioniuliza kuhusu mabaki ya vinili, boksi limejaa, nitatoa kwa watu watano, utaratibu nitauweka kwenye maelezo hapo chini.

Turudi. Wiki nzima nimeilaani hii mashine, halafu juzi usiku nikakaa nikaligeuza roli. Nikaona nimekuwa mjinga. Kwa nini nalipasua roli kwa urefu? Tazameni. Nakata kipande cha urefu wa 305 kutoka kwenye roli, halafu nakigeuza. Upana umekuwa 305, urefu umekuwa 500. Kituo cha nje, *tak*, vigurudumu vyote vimeshika, hakuna cha kutupa zaidi ya ukingo wa kawaida. Fulana gani ina mchoro unaozidi nusu mita? Nakata... mstari umenyooka. 20 mwanzo, 20 mwisho.

Ila msishangilie bado. Vinili ikitoka kwenye roli ina tabia ya kujikunja, na ukiigeuza mkunjo unakuwa kushoto na kulia. Kingo zinanyanyuka kama kaki, na gari la kisu, ile sehemu inayokibeba kisu, likipita linazigonga. Mimi naikunja kinyume na kuiacha chini ya kitabu kizito usiku kucha. Na kama vinili yako ina nyuzi za kung'aa, ile inayofanana na chuma kilichosuguliwa, mkao wa kipande ukibadilika, nyuzi nazo zinabadilika. Ukichanganya vipande vya mikao miwili kwenye kazi moja, mteja ataona. Na bango refu kwa njia hii hupati, kila mita nusu unaunga.

Kwa stika za kawaida, za ukutani na za gari, roli ambalo utakutana nalo sana ni la milimita 610, inchi 24, na kubwa yake ni 1220. Sasa 610 gawa kwa mbili? 305! Na 1220 gawa kwa nne? 305! Hapo mashine ya inchi 12 inacheka, hata hii yangu. Ukipasua kwa urefu, ule ukingo wa kiwandani, ulionyooka, uweke kushoto unapopanga vinili, wa mkono wako uende kulia. Usifanye kinyume, utarudi kule kwenye kupanda mlima.

Mtu mwenye mashine ya inchi 15, yaani 381, kwenye roli la 610 anapata kipande kimoja na 229 zinabaki. Kwenye 1220 anapata vitatu na kamba ya 77. Inchi 15 ni upana wa zamani kwenye kazi hii. Mashine za Gerber za miaka ya 1980 zilikuwa zinaivuta vinili kwa meno, vinili yenyewe ina matundu pembeni, na upana wake ndio huo. Kama unapata roli la inchi 15, nunua mashine ya inchi 15 ulale usingizi. Kama hulipati, sioni sababu.

Wapenzi wa mashine za Cricut mmenijaa kwenye maoni, haya. Maker 3 na Explore 3, ile vinili yake ya kupita bila mkeka, yaani bila ule ubao wa kunata wa kuishikilia, ni ya inchi 13, na eneo la kukata ni inchi 11.7. Inchi moja na zaidi imeliwa na vigurudumu, ndivyo ilivyo, kila mashine inakula pembeni. Lakini 13 kwenye roli la 24 unakata moja, unabaki na 11. Joy ndogo, vinili yake ni inchi 5.5, inakata 4.5. Nzuri kwa majina ya makopo ya jikoni. Kwa mtu anayenunua roli zima, kila kipande kinakupa kazi ya kupasua. Silhouette Cameo ya kawaida ni inchi 12, kwa hiyo hesabu yake ya 610 inafanana na yangu, na Portrait ni inchi 8.

Na jihadharini na namba ya usoni. Kuna zile mashine kubwa za bei nafuu zinaitwa 720. Ile 720 ni upana wa kupitisha vinili, kukata ni 630. Kwa roli la 610 inatosha, sawa, lakini ujue unalinganisha nini na nini. Roland GS-24 inapokea chochote kuanzia milimita 50 mpaka 700, na inakata 584. Vigurudumu unavisogeza utakavyo, ilimradi vikae juu ya zile sehemu za mhimili zenye mkwaruzo. Kile kipande cha 250 kilichonitesa kingeingia bila maneno. Bei yake ndiyo inayokurudisha kwenye inchi 12 huku umenyamaza.

Nairudisha hii? Nilianza video nikiwa nimeshaandaa boksi la kuirudishia, boksi lile pale nyuma mnaliona. Kwa sasa nitakaa nayo. Kazi zangu nyingi ni stika za roli la 610, fulana ni za msimu. Ingekuwa kinyume, fulana kila siku na majina marefu mgongoni, ningeirudisha leo kabla hamjamaliza kutazama. Wewe ambaye hujanunua, chukua futi ya kupimia, nenda pale unaponunulia vinili, pima maroli yaliyopo kweli rafuni, si yale ya kwenye orodha. Niandikie hapo chini umepata upana gani, nitakujibu inakufaa ipi.

Jumamosi tunapima visu, nyuzi 45 na 60 kwenye vinili nene ya manyoya. Ngoja niizime hii, imeanza kulia tena, inadhani kuna kipande ndani.