Miezi kumi na minane na programu ya duka: tathmini kutoka Mtwara

Duka langu lipo Chikongola, Mtwara mjini. Tunauza pembejeo za korosho, hasa viuatilifu vya maji, mabomba ya kupulizia na vipuri vyake, pamoja na buti, mapanga na vitu vidogo vidogo ambavyo mkulima wa Nanyamba au Tandahimba huvikumbuka akiwa tayari ameshika nauli ya kurudi. Januari 2024 nililipia programu ya kuendesha duka inayotengenezwa na kampuni moja ya Dar es Salaam. Sitaitaja jina, kwa kuwa baadhi ya mambo nitakayoyaeleza bado tunayajadili kwa barua, lakini wanaotumia programu za aina hii wataitambua tabia yake. Ada ya kufungiwa ilikuwa shilingi 150,000, na ya kila mwezi ni shilingi 35,000. Nimeitumia msimu mmoja mzima wa korosho na misimu miwili ya kupulizia, wa pili ukiwa bado haujaisha.

Nianze na mema yake, kwa sababu yapo. Inafanya kazi kwenye simu na kwenye kompyuta, Kiswahili chake hakina makosa ya kuchekesha, na muuzaji asiyewahi kushika kompyuta huizoea kwa siku mbili. Hutoa tahadhari siku sitini kabla kiuatilifu hakijapitwa na muda, na tahadhari hiyo peke yake iliniokolea katoni mbili mwaka 2024. Sehemu ya madeni ndiyo bora kuliko zote. Biashara yetu huku ni ya kusubiriana: mkulima huchukua dawa Juni mikorosho inapoanza kutoa maua, naye hulipa Oktoba au Novemba fedha za mnada wa korosho zikishaingia. Programu humwandikia kila mdaiwa ukurasa wake na kumtumia ujumbe wa simu wenye kiungo cha risiti. Ifahamike tu kwamba risiti hiyo haichukui nafasi ya risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, jambo ambalo aliyeniuzia hakulisema mpaka nilipomuuliza.

Huyo aliyeniuzia alisisitiza sifa nyingine, kwamba programu hufanya kazi hata mtandao ukikatika: mauzo huhifadhiwa kwenye simu, kisha mtandao ukirudi hupelekwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu za kampuni. Mei 2024 sifa hiyo ilipata kipimo chake. Mwanzoni mwa mwezi, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam huko Somanga, mzigo wangu ukalala njiani. Tarehe 12, nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari zikakatika upande wa kusini mwetu, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota kwa siku kadhaa. Siku zote hizo programu iliendelea kupokea mauzo bila kulalamika, nami nikaisifu mbele ya majirani wawili wenye maduka. Nilizitoa sifa hizo mapema mno.

Mwisho wa mwezi programu ilionyesha kwamba fedha zilizopaswa kuwapo zilizidi zilizokuwapo kwa shilingi 386,500. Muuzaji wangu ni mama wa Mikindani ambaye tumekuwa naye tangu duka likiwa kibanda cha mabati, na kwa miaka yote hiyo hesabu yake haikuwahi kupungua kwa kiasi cha kuulizana. Nilimwuliza, tena mbele ya vijana wa duka, na kwa sauti ambayo leo naijutia. Alinijibu, “Kaka, senti yako sijaigusa. Kama hicho kioo kinajua kuhesabu, na mimi nina kauntabuku yangu.” Sikuifungua kauntabuku. Nilipiga simu kwa kampuni, na kijana wa huduma kwa wateja akaniambia kwa upole kabisa, “Mzee wangu, mfumo upo sawa, hauna shida yoyote. Kwa uzoefu wetu, upungufu wa namna hii huwa unatoka kwa watumishi.” Kwa maneno hayo nikamkata yule mama theluthi ya mshahara wake.

Wiki ya pili ya Juni tulihesabu mali iliyopo dukani. Kwenye rafu kulikuwa na chupa tisa za dawa ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) na jozi tano za buti ambazo, kwa mujibu wa programu, zilikwisha kuuzwa. Mwizi hachukui fedha halafu akaongeza mali kwenye rafu. Chupa tisa kwa shilingi 28,500 ni 256,500. Jozi tano kwa shilingi 26,000 ni 130,000. Na jumla yake ni zile 386,500 kamili. Hapo ndipo nilipoiomba kauntabuku. Kila mauzo yaliyohusika yalikuwa yameandikwa humo mara moja kwa kalamu ya bluu, ilhali kwenye programu yalijirudia mara mbili, yakipishana kwa dakika chache, na yote yalikuwa ya kati ya tarehe 12 na 16 Mei. Nilimrudishia yule mama fedha zake na kumwomba radhi mbele ya vijana walewale walioisikia lawama.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta chuoni ndiye aliyenifafanulia kilichotokea, nami nitakieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu kinamhusu kila anayeuza mahali ambapo mtandao huja na kuondoka. Simu hutuma mauzo kwenye seva, kisha husubiri jibu la “nimepokea.” Mtandao ukikatika baada ya seva kupokea lakini kabla jibu halijafika, simu haina njia ya kujua kama mzigo ulifika au ulipotea, kwa hiyo huutuma tena. Kutuma tena si kosa; ni jambo la lazima. Kosa ni kwamba mauzo hayakupewa namba yake ya pekee tangu yalipoandikwa kwenye simu, namba ambayo ingeiwezesha seva kutambua kwamba mzigo huu ni uleule na si mwingine. Seva ikayahesabu mara mbili, ikapunguza mali mara mbili na kudai fedha mara mbili. Tatizo hili linajulikana tangu zamani kwa wanaotengeneza mifumo ya fedha, na dawa yake inajulikana pia. Kampuni inayouza programu kwa kuitangaza kwamba “inafanya kazi bila mtandao” na haijalifanyia jaribio hili la kwanza kabisa, imeuza ahadi ambayo haijaipima.

Hata hivyo kasoro yenyewe naweza kuisamehe, kwa maana hakuna programu isiyo na kasoro. Ninachoshindwa kukisamehe ni lile jibu la simu. Kijana yule hakuangalia kumbukumbu zozote kabla ya kunielekeza kwa mtu wa kumlaumu. Nilipowatumia orodha ya mauzo yaliyojirudia pamoja na picha za kurasa za kauntabuku, zilipita siku 23 kabla ya kasoro kurekebishwa, na toleo jipya lilipokuja maelezo yake yalisema tu “maboresho madogo ya utendaji.” Hakuna ujumbe uliotumwa kwa wateja wengine kuwaeleza kwamba hesabu zao za Mei huenda si sahihi. Sijui ni wauzaji wangapi, katika maduka ya watu wengine, waliokatwa mshahara mwezi ule.

Uingereza ilikwisha kupita njia hii kwa gharama kubwa isiyolinganishwa na yangu. Shirika la posta la huko lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, na mfumo huo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Zaidi ya mawakala 900 wa posta walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu wa hesabu. Wapo waliofungwa, waliofilisika na waliojiua, huku shirika likishikilia kwamba mfumo ni imara. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya Uingereza ilieleza kwa kirefu kasoro zilizokuwa ndani ya mfumo huo, na sheria ya kuzifuta hukumu hizo kwa pamoja ilipitishwa tarehe 24 Mei 2024, yaani mwezi uleule ambao mimi, huku Chikongola, nilikuwa nakaribia kumtilia shaka mtu mwaminifu. Niliposoma habari hizo nilitambua kwamba neno lililowaponza ni lile nililoambiwa mimi: mfumo upo sawa.

Upande wa usalama nao una kisa chake. Kiungo cha risiti anachotumiwa mteja kilikuwa kinamalizikia na namba ya risiti. Mpwa wangu, kwa udadisi wa vijana, alibadilisha tarakimu ya mwisho kwenye kiungo cha risiti yetu, na ikafunguka risiti ya duka jingine kabisa, yenye jina la mteja, namba yake ya simu, alichokinunua na kiasi anachodaiwa. Tuliifunga papo hapo. Hapakuhitajika nywila wala ufundi. Mtu yeyote anayejua kuhesabu angeweza kupita risiti moja baada ya nyingine. Deni la mkulima ni siri yake na ya mwenye duka. Anayeijua namba yake ya simu pamoja na deni lake hasa ana kila anachohitaji ili ampigie Oktoba, ajifanye ni sisi, na amtumie namba ya kulipia ambayo si yetu.

Niliiandikia kampuni siku hiyohiyo. Jibu la kwanza lilitukumbusha kwamba kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na kwamba kuingilia mfumo ni kosa. Nilisoma jibu hilo mara mbili, nikajiuliza kama fundi wa kufuli huweza kumtisha mwenye nyumba anayemwambia kwamba mlango haufungi. Nikawakumbusha sheria nyingine, ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo humtaka mwenye kukusanya taarifa za watu na mwenye kuzichakata wazilinde. Katika maneno ya sheria hiyo, mimi ndiye mkusanyaji na wao ndio wachakataji, kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kutishana, kwani lawama ingetufikia sote. Baada ya wiki mbili viungo vilibadilishwa, na sasa humalizikia na mfululizo mrefu wa herufi usioweza kubahatishwa. Kazi hiyo waliifanya vizuri. Wateja ambao risiti zao zilikaa wazi, kwa kadiri nijuavyo, hawakuambiwa kitu, isipokuwa wangu, ambao niliwapigia mwenyewe.

Mkataba, ambao nakiri niliusoma baada ya matatizo na si kabla, unasema programu inatolewa “kama ilivyo” na kwamba kampuni haitawajibika kwa hasara yoyote itokanayo na matumizi yake. Kifungu hiki kimo karibu katika kila programu duniani, ya bure na ya kulipia, na mazoea yamekifanya kionekane cha kawaida. Mimi nauza viuatilifu. Chupa iliyopo dukani kwangu ina jina la mtengenezaji, namba ya toleo la kiwandani na tarehe ya mwisho wa matumizi, nayo lazima iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Nikibandika tangazo kwamba dawa zangu zinauzwa kama zilivyo na mikorosho ikiungua nisiulizwe, sidhani kama ningemaliza wiki. Umoja wa Ulaya umekwisha kulikataa hili: mwaka 2024 ulipitisha sheria inayoihesabu programu kuwa bidhaa kama bidhaa nyingine, ambayo mtengenezaji wake huwajibika ikimdhuru mtu, na nchi wanachama zimepewa hadi tarehe 9 Desemba 2026 kuiingiza katika sheria zao. Inawalinda watu binafsi zaidi kuliko wafanyabiashara kama mimi, lakini mlango umefunguliwa.

Kuhusu masasisho, yaani mabadiliko ambayo kampuni huyaingiza kwenye programu, nitasema kwa ufupi. Oktoba 2024, wiki ambayo wakulima walianza kupata fedha na kuja kulipa, kampuni ilibadilisha ukurasa wa madeni usiku bila taarifa, tukaipoteza asubuhi nzima tukitafuta kitufe cha kupokea malipo. Miezi mitatu tu kabla yake, tarehe 19 Julai, sasisho moja baya la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilikuwa limezima kompyuta zipatazo milioni 8.5 zenye Windows kwa sababu lilisambazwa kwa wote kwa mkupuo. Ningetarajia kila mwenye kutengeneza programu awe amelisoma tukio lile. Anayewauzia watu wa Mtwara na Lindi anapaswa pia kujua kwamba Oktoba si mwezi wa kujaribia mambo.

Kwa wepesi wa matumizi naipa alama nne kati ya tano, kwa usahihi wa hesabu tatu baada ya marekebisho, na kwa namna inavyomweleza mteja ukweli inapokosea, moja. Mwenye duka asiyekopesha na mwenye mtandao wa uhakika anaweza kuinunua bila hofu kubwa. Mwenye madeni mengi kama mimi ailipie mwezi kwa mwezi, apakue nakala ya taarifa zake kila Jumamosi, na ahesabu mali kabla ya kumwuliza mtu kuhusu fedha. Nimeiomba kampuni iniahidi kwa maandishi kwamba kasoro yoyote inayogusa hesabu au taarifa za wateja wangu nitaarifiwa ndani ya saa 72 tangu waijue. Wamejibu kwamba ombi linafanyiwa kazi. Kwa sasa nimelipia miezi mitatu badala ya mwaka, na yule mama wa Mikindani nimemnunulia kauntabuku mpya ya “quire” nne.